Usingizi wa mwanafunzi wa tiba: jua la Kasulu, saa ya Dar es Salaam

Anayevuka mpaka pale Manyovu kuingia Burundi hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima, ingawa jua lililo utosini mwake halijasogea. Burundi inafuata majira ya longitudo 30 mashariki. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, inafuata ya longitudo 45, mstari unaopita baharini huko, ambao hata Mtwara na Zanzibar hazijaufikia. Kasulu, mkoani Kigoma, iko karibu kabisa na longitudo 30, na Kibondo haijafika 31. Kwa jua, basi, milima ya Buha, nchi ya Waha, iko pamoja na majirani zake wa Burundi. Kwa saa ya ukutani iko pamoja na mabaharia. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tulipaswa kuliona hili kabla ya wengine, maana saa zetu huanzia jua linapochomoza: ikisemwa saa moja asubuhi, maana yake mchana umetimiza saa yake ya kwanza. Kasulu hesabu hiyo haikubali. Kwa mwaka mzima jua la kule huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:10 asubuhi, na jioni huzama saa moja ikiwa imekaribia au imekwisha kupita.

Hili lingebaki somo la walimu wa jiografia kama nchi nzima isingekuwa na saa moja ya kuanza kazi. Saa 1:30 asubuhi ofisi ya umma inafunguliwa Dar es Salaam na inafunguliwa Kibondo. Wodini nako, waliokesha wanawakabidhi zamu wanaoingia. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam wakati huo jua limekwisha kuwaka kwa karibu saa nzima au zaidi, na Kasulu, katika baadhi ya miezi, halijatimiza hata nusu saa. Mwanafunzi wa uuguzi wa Kabanga, Kasulu, au wa Kibondo anayetakiwa awe wodini kwa wakati huo, amevaa sare iliyopigwa pasi, amekwisha kuoga na kupata uji, ameamka gizani. Jioni mwanga unamchelewesha: bado kweupe saa moja inapogonga, chakula kinaliwa saa mbili au tatu, na msuli, yaani kujisomea, unaanza hapo. Akifunga daftari saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja, amelala saa nne. Hoja yangu ni hii: kinachomwangusha mwanafunzi wa tiba katika mtihani, mara nyingi kuliko tunavyokubali, ni wiki nyingi za usingizi mfupi uliokatikakatika. Na usingizi huo haupangwi na mwanafunzi peke yake. Unapangwa na ratiba ya chuo, orodha ya zamu, na saa ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya jua la kwao.

Vyuoni kuna msemo wa kejeli: msuli tembo, matokeo sisimizi. Humwangukia yule anayekesha na vitabu kuliko wote, kisha matokeo yakibandikwa anaonekana ana sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Wenzake husema hana kichwa. Watafiti wangemtetea. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walipowapima watu walewale wakikariri silabi zisizo na maana kisha wakalala, na wakikariri kisha wakabaki macho, imejulikana kwamba aliyelala husahau kidogo kuliko aliyebaki macho. Utafiti uliofuata umeonyesha sababu: ubongo wa aliyelala unaendelea na kazi, unapitia yale ya mchana na kuyahamishia mahali pa kudumu. Anayesoma mishipa ya fahamu ya mkono hadi alfajiri ni sawa na mtu anayeshusha magunia ya mahindi usiku kucha, ghala likiwa limefungwa. Yanabaki nje, na mvua ya kesho inayakuta hapo.

Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa matokeo ya wanafunzi wa kemia waliovaa saa za mkononi zinazorekodi usingizi kwa muhula mzima. Usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuhusiana na alama. Usingizi wa mwezi mzima kabla ya mtihani ndio uliohusiana nazo, na kwa jumla muda, ubora na utaratibu wa kulala vilielezea karibu robo ya tofauti za alama kati ya wanafunzi. Miaka miwili kabla yake, Harvard, wanafunzi 61 walifuatiliwa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Wale waliolala kwa saa zisizoeleweka, leo saa nne usiku, kesho saa tisa usiku, keshokutwa mchana, walikuwa na alama za chini kuliko wenzao wenye utaratibu, ingawa jumla ya saa walizolala haikutofautiana. Kwa wanafunzi wa udaktari wenyewe, utafiti wa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha King Saud, Riyadh, ulihusisha alama za chini na mambo matatu: kuchelewa kulala, kulala saa chache usiku, na kusinzia mchana. Mwaka huohuo, Munich, usingizi uliohusiana na matokeo ulikuwa ule wa kipindi cha kujiandaa na mtihani, ule wa muhula wa kawaida ukiwa haukutabiri kitu. Matokeo haya hayalingani kwa kila kipengele, na sitajifanya yanalingana. Lakini hakuna hata moja linalomuunga mkono anayesema usiku wa mwisho ndio unaoamua.

Nyanda hizi za Buha zina sababu ya pekee ya kuuheshimu usingizi. Kibondo na Kasulu ni nchi ya mbung'o, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Waha wengi kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika ikawakusanya katika makazi ya pamoja, kwa sababu ya malale. Jina lenyewe limetoka kwenye kulala, na watu hudhani mgonjwa wa malale hulala tu. Madaktari wanajua ugonjwa huo una hila zaidi: vimelea vikifika kwenye ubongo huvuruga saa ya mwili, mgonjwa akawa anasinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Mwangalie mwanafunzi aliyetoka zamu ya tatu ya usiku ndani ya wiki moja, amekaa darasani saa nne asubuhi kwenye somo la dawa, kope zimemlemea, na usiku akirudi bwenini anageukageuka kitandani. Mbung'o hajamuuma. Lugha yetu nayo haimsaidii. Kwetu mtu mzembe tunasema amelala, na kwenye mabweni kuna ule usemi kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, kana kwamba darasa ni vita na kulala ni kushindwa.

Nirudi kwenye jua, maana wapo watakaosema nusu saa hii au ile ni jambo dogo. Marekani ina majira manne katika bara, na katika kila moja upo ukingo wa magharibi ambako jua huzama saa ikiwa imekwenda sana. Wachumi Giuntella na Mazzonna, katika makala ya mwaka 2019, walikuta kwamba watu wa ukingo huo wanalala dakika 19 pungufu kwa wastani kuliko walio upande wa pili wa mpaka wa majira, kwa sababu jua linawachelewesha kulala na kazi inawaamsha kwa saa ileile. Huko India, nchi kubwa yenye majira mamoja tu, mchumi Maulik Jagnani alikuta kwamba pale jua linapochelewa kuzama kwa saa moja, watoto hupoteza kama nusu saa ya usingizi na, hatimaye, kiasi cha miezi tisa hadi kumi ya elimu maishani. Tanzania nayo ina majira mamoja kutoka bahari hadi Ziwa Tanganyika. Kasulu ni ukingo wetu wa magharibi.

Pingamizi la kwanza ni zito, nalo ni la wataalamu: huenda uhusiano umegeuzwa. Mwanafunzi dhaifu ana wasiwasi, wasiwasi unamnyima usingizi, na mwanafunzi hodari analala kwa sababu hana cha kuhofia. Kwa tafiti za MIT na Riyadh pingamizi hili halijibiki kikamilifu, kwa sababu zilitazama tu bila kugusa. Ila upo ushahidi wa aina nyingine. Katika Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawachagui ratiba. Wanapangiwa kwa bahati nasibu. Carrell na wenzake walipochambua rekodi za miaka ya 2004 hadi 2008, waliona kwamba waliopangiwa kipindi cha kabla ya saa 2 asubuhi walipata alama za chini, na si katika kipindi hicho tu bali katika masomo yote ya siku ile. Hapo hakuna mwerevu aliyechagua kulala wala mzembe aliyechagua kukesha. Na hao ni wanajeshi, wanaoamshwa kwa amri na kukaguliwa vitanda, kwa hiyo anayesema dawa ni nidhamu atueleze nidhamu zaidi ya hiyo inapatikana wapi. Kisha Seattle, mwaka 2016, shule za sekondari zilisogeza saa ya kuanza masomo kutoka 1:50 hadi 2:45 asubuhi. Mtu angeweza kutabiri kwamba vijana watautumia muda huo kuchelewa kulala zaidi. Vijana walilala dakika 34 zaidi kila siku, na alama zikapanda.

Wengine watataja Wahadzabe. Mwaka 2015 watafiti walipima usingizi wa jamii tatu zinazoishi kwa uwindaji, ukusanyaji au kilimo kidogo, wakiwemo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wakakuta wanalala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na wana afya njema. Kwa nini basi tuwabembeleze wanafunzi? Napenda pingamizi hili kwa sababu ni la nyumbani, na kwa sababu ukilisoma hadi mwisho linageuka. Watu wa jamii hizo hulala kwa utaratibu unaofuata usiku wenyewe na ubaridi wake, na kukosa usingizi kulionekana kuwa jambo la nadra. Saa ya ukutani haiwaamrishi. Tatizo la mwanafunzi wa Kasulu ni kwamba usingizi wake mchache umegawanywa na watu wasiomwona, na hauna saa maalumu.

Pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi ni la wakongwe wa taaluma: daktari na muuguzi lazima wazoee kukesha, mgonjwa hachagui saa ya kuzidiwa, mama mjamzito hasubiri asubuhi. Kweli kabisa, na sijasikia mwenye akili akidai zamu za usiku zifutwe. Lakini neno "kuzoea" limebeba uongo. Mwaka 2003 Van Dongen na wenzake waliwalaza watu saa sita tu kwa usiku kwa wiki mbili mfululizo. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku mmoja hadi miwili bila kulala kabisa, na jambo la kutisha zaidi ni kwamba wenyewe walidhani wako sawa. Kumbe mtu hazoei kukosa usingizi. Anachozoea ni kutojua kwamba amepungukiwa. Dawson na Reid walikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba aliye macho kwa saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe ambacho katika nchi nyingi dereva hukamatwa nacho, na aliyefikisha saa 24 ni mlevi kabisa. Hatungemruhusu mwanafunzi aliyekunywa bia tatu akokotoe dozi ya mtoto wa kilo nane. Boston, mwaka 2004, madaktari wa mafunzo kazini waliokuwa na zamu ndefu za jadi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopangiwa zamu fupi. Chuo kinachomfundisha mwanafunzi kujivunia kukesha kinamfundisha kutoyaona makosa yake.

Uaminifu unanidai niseme na upande wa pili. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2019 ulilinganisha programu za mafunzo ya madaktari zilizobanwa kwa saa na zilizoachiwa uhuru, na vifo vya wagonjwa havikutofautiana. Mwaka 2020, katika wodi za watoto mahututi, zamu ndefu zilipofutwa makosa yaliongezeka badala ya kupungua. Walipochunguza, waliona kwamba idadi ya wagonjwa kwa kila daktari ilikuwa imepanda, na tofauti ile ilitoweka mzigo huo ulipohesabiwa. Somo hilo ni letu hasa. Hospitali na vituo vya nyanda hizi havijawahi kuwa na watumishi wa ziada. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, na baadaye Nduta ikajaa Warundi, huduma za afya za Kasulu na Kibondo zimehudumia watu wengi kuliko wenyeji wao. Mahali kama hapo mwanafunzi wa mazoezi huwa ni mikono ya kazi, na ukimwondoa zamu bila kuleta mwingine, mzigo unamwangukia muuguzi aliyebaki. Ndiyo maana sipendekezi zamu zipunguzwe kwa waraka. Napendekeza zipangwe kwa akili.

Kupanga kwa akili ni mambo ya kawaida sana. Zamu za usiku za mwanafunzi ziwekwe pamoja, usiku wa Jumatatu hadi Jumatano, badala ya kutawanywa moja hapa na moja pale hadi mwili usijue mchana ni upi. Aliyetoka zamu asubuhi asiwekewe testi saa nne. Kipindi cha kwanza darasani kisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mtu atauliza saa iliyopotea italipwa na nani. Kasulu haipotei: saa 2:30 ya kule, kwa jua, ni ileile 1:30 ya Burundi ng'ambo ya Manyovu. Makabidhiano ya wodini yabaki yalipo, kwa sababu yanawahusu watumishi, na walio zamu wayahudhurie. Waliobaki wafike saa moja baadaye. Mitihani ya taifa ina saa yake, nayo haiwezi kusogezwa kwa ajili ya wilaya mbili. Mtaala unahesabu jumla ya saa za masomo kwa muhula, lakini kipindi gani kinaanza saa ngapi, hilo hupangwa chuoni.

Limebaki swali la wazazi: kwa nini wasilale mapema tu? Kwa sababu mwanafunzi ana miaka ishirini. Mtafiti Roenneberg, katika utafiti wake wa mwaka 2004 uliohusisha maelfu ya watu, alionyesha kwamba mwili wa binadamu huchelewa kulala zaidi na zaidi ujanani hadi kufikia kilele karibu na umri huo, kisha huanza kurudi nyuma. Mzazi wa miaka hamsini anayelala saa tatu usiku hana nidhamu kumzidi mwanawe. Ana mwili mwingine. Ongeza jua linalochelewa kuzama, ongeza simu, ongeza umeme wa gridi ya Taifa uliofika ukanda huu miaka ya karibuni baada ya muda mrefu wa majenereta ya dizeli. Taa ni neema, na anayetaka kurudi kwenye kibatari aende peke yake. Ila huko Argentina, watafiti walipolinganisha jamii mbili za watu wa asili moja, wenye umeme walilala karibu saa moja pungufu kuliko wasio nao. Mwanafunzi naye ana sehemu yake, na simu iliyo chini ya mto saa saba usiku hakuiweka mkuu wa chuo. Lakini kumtaka kijana ashindane na umri, jua na ratiba kwa pamoja, kisha kumwita mvivu akishindwa, ni kumwonea.

Kwa walimu wa taaluma wa vyuo vya afya vya Kibondo na Kasulu nina ombi moja dogo. Muhula ujao, darasa moja lianze saa 2:30 asubuhi na jingine la mwaka huohuo libaki kama lilivyo, na kila mwanafunzi aandike kwenye daftari saa aliyolala na saa aliyoamka. Mwisho wa muhula, wekeni madaftari hayo kando ya matokeo na muwaonyeshe wanafunzi wenyewe. Gharama yake ni madaftari.